Fomu ya Pili ya Witold

Kila siku alipotoka shule, Bogna Gawlik alipitia duka la mkate, akanunua mkate mweusi, kisha akapanda ngazi hadi ghorofa ya pili walikokaa. Alikuwa na miaka kumi na mitatu. Mama yake, Lidia, alihudumia wagonjwa hospitalini na alirudi jioni, hivyo Bogna ndiye aliyebandika supu ya kabichi. Akikata kabichi, hakukipa mgongo kile kiti cha karibu na dirisha.

Kilikuwa kiti cha baba. Baba alikuwa karani katika ukumbi wa soko la hisa la Chicago, na mwaka wake wa mwisho alipoteza pesa nyingi za mkopo kwa siri. Aliketi pale siku baada ya siku, koti mwilini, bila kusema neno, mpaka moyo wake uliposimama. Ilikuwa imepita miaka miwili. Hata hivyo, mbao za kiti kile zilipolia kwa baridi, Bogna aligeuka kutazama.

Kaka yake, Witold, alikuwa na miaka ishirini na mmoja na alifanya kazi katika ghala la matunda. Mama alikuwa amempa dola elfu sita zilizotokana na bima ya baba, alipie chuo cha ufundi. Witold akaona kheri azizalishe kwanza. Alitaka kufungua akaunti kwa dalali wa hisa, afanye biashara ya ile mikataba inayompa mtu haki ya kununua au kuuza hisa kwa bei waliyopatana, soko lipande au lishuke. Mwenye haki anaweza kuitumia au kuiacha. Aliyemuuzia haki hiyo ndiye asiyeweza kukataa.

Fomu ya kwanza aliijaza kweli tupu: hajawahi kufanya biashara hiyo, na kipato chake ni kidogo. Dalali akampa ruhusa ya ngazi ya chini kabisa, asiahidi chochote ambacho hana fedha taslimu za kukitimiza. Witold alikasirika. Wiki iliyofuata alimwita Bogna, akampa simu amjazie fomu ya pili, kwa kuwa yeye mikono yake ilikuwa na mafuta ya soseji.

"Uzoefu, andika miaka mitano," alisema.

"Mitano ya nini? Wakati huo ulikuwa unacheza mpira uani."

"Andika tu, mwalimu mkuu. Hakuna atakayekuja kuuliza hapa."

Bogna akaandika. Akaandika pia kipato cha dola elfu tisini kwa mwaka. Chini kulikuwa na kisanduku cha kuthibitisha kwamba mwombaji amesoma na kuelewa hatari zote. Alikibonyeza kwa kidole chake mwenyewe. Kesho yake ruhusa ya ngazi ya tatu, ya kuahidi hata asichokuwa na fedha za kukitimiza, ilifika, na Witold akamwomba asimwambie mama.

Mwanzoni alikuwa mchangamfu. Alisema ada ni senti sitini na tano tu kwa mkataba, bei ya peremende. Lakini aliuza mikataba kumi na kununua kumi kwa pamoja, kisha akaifunga yote, na kila mzunguko ukamla dola ishirini na sita. Kufikia Novemba alikuwa amezunguka mara kumi na moja. Faida alizozipata zililiwa na ada, na hasara ziliongezeka juu yake.

Ndipo alipoanza kukaa kwenye kile kiti. Alitoka kazini, akaketi dirishani na koti lake, akaitazama simu. Siku moja mama alifungua mlango, akamwona, akasimama kizingitini na mkoba mkononi kama aliyeona mfu. Baadaye alimwomba tu avue koti. Bogna alitamani kusema, lakini kila alipofungua mdomo alikumbuka kidole chake kwenye kile kisanduku.

Jumamosi moja asubuhi aliikuta simu ya Witold kitandani, mwenyewe hayupo. Witold hakuwa mtu wa kuacha simu. Kwenye kioo kulikuwa na tarakimu nyekundu: hasi dola elfu arobaini na tano. Chini yake dalali alimtaka alete fedha haraka. Alihisi kwamba kilichomchukua baba kimerudi kumchukua kaka yake, na kwamba yeye ndiye aliyekifungulia mlango.

Alimfuata mama jikoni. "Mama, Witold alidanganya kwenye fomu za dalali, na mimi ndiye niliyeandika. Sasa anadaiwa, na ameondoka bila simu."

Mama hakumgombeza. Alimpigia Mzee Odell Pruitt, aliyefanya kazi bega kwa bega na baba ukumbini kwa miaka ishirini, akamwomba aje nyumbani. Kisha akachukua funguo za gari. Hakuuliza pa kwenda. Walimkuta Witold makaburini, ameketi kwenye majani yaliyolowa kando ya kaburi la baba, midomo imemgeuka rangi kwa baridi. Mama aliketi naye kwenye tope.

"Twende nyumbani, mwanangu," alisema. "Nimeshajua."

Nyumbani, Mzee Pruitt alivaa miwani na kuisoma akaunti polepole. Mwishowe aliiweka simu mezani. Alimweleza Witold kwamba kwa mikataba yake kumi, kila mmoja wa hisa mia, alimuuzia mtu haki ya kumwuzia yeye Witold hisa elfu moja kwa dola hamsini kila moja, na mtu huyo ameitumia. Hivyo akaunti imenunua hisa za dola elfu hamsini, na ndiyo maana ya wekundu ule.

"Lakini siku ileile ulinunua haki ya kuziuza kwa dola arobaini na nane," alisema. "Haki hiyo iko hai mpaka Ijumaa. Jumatatu wapigie, waambie unaitumia. Deni litakwisha, na utabaki na elfu tatu kasoro kidogo."

Witold alimwomba arudie mara tatu. Kisha akalia.

"Ungekuwa na miaka mitano kwenye kazi hii, ungelijua hili bila mimi," Mzee Pruitt alisema. "Dalali alikuuliza unajua kiasi gani ili akupime kina cha maji utakayoyaweza. Ukamdanganya, naye akakufungulia kilindi."

Jumatatu Witold alipiga simu, Bogna akiwa pembeni. Aliitumia haki yake, kisha akakiri kwamba majibu ya fomu ya pili yalikuwa ya uongo. Walimfungia ruhusa palepale. Nusu ya fedha za chuo ilikuwa imepotea, na ilimbidi asubiri mwaka mmoja zaidi.

Jioni mama aliwakalisha wote wawili mezani.

"Deni la baba yenu lilikuwa la kulipika," alisema. "Nililimaliza mwaka jana. Kilichotuumiza ni kwamba hakutuambia. Mtu akisema ukweli mapema, hata mzigo mkubwa tunaubeba pamoja. Bogna, ulichelewa, lakini ulisema, na kaka yako yuko hapa."

Witold akaanza kusimulia yote, tangu fomu ya kwanza. Walimsikiliza mpaka chakula kikapoa.