Utitiri Kwenye Maua ya Loisi

Kila asubuhi Mzee Nikodemo alichukua kitambaa akafuta vumbi kwenye maua ya mkewe. Vumbi la mtaa wa Nkuhungu wakati wa kiangazi halina adabu. Unalifuta asubuhi, jioni limerudi kama ndilo mwenye nyumba.

Maua yalikuwa manne, kila moja kwenye ndoo yake, sebuleni. Loisi aliyapanda mwenyewe. Mwaka jana Loisi alifariki, akazikwa kwao Kibakwe. Watoto walirudi makazini kwao, mbali. Nyumba ikabaki na mzee na maua. Siku nyingine hakuongea na mtu yeyote. Aliyasalimia maua tu, basi.

Kisha ua kubwa likaanza kuugua. Majani yalipata vidoadoa vya manjano, yakapauka, yakadondoka. Utando mwembamba ukatokea kwenye vikonyo. Mzee akaongeza maji, lakini hali ikazidi kuwa mbaya. Akaogopa. Maua haya yakifa, Loisi atakuwa amebakiza nini?

Akamwita jirani yake, Devota, anayefanya kazi kwenye bustani ya miche.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hebu ona, buibui wananimalizia ua. Nipulize dawa ya mbu?"

"Usipulize, itaunguza majani. Una karatasi nyeupe?"

Devota aliweka karatasi chini ya jani, akaligonga kwa kidole. Vumbi kidogo likaanguka. Halafu vumbi lile likaanza kutembea.

"Mungu wangu!" alisema mzee.

"Huu ni utitiri. Ni wadudu wadogo sana. Wanakaa chini ya majani na kuyanyonya. Wanapenda ukavu na vumbi, kwa hiyo hapa Dodoma wamefika."

"Mbona nafuta kila siku?"

"Kwa kitambaa gani?"

Mzee akakionyesha. Kilikuwa kimoja kwa maua yote.

Devota alikishika. "Kitambaa hiki kinawabeba kutoka ua moja kwenda jingine, mzee."

Nikodemo akaketi. Iliuma. Alidhani anatunza, kumbe anaeneza ugonjwa.

"Yanapona haya," Devota alisema. "Kata majani yaliyokauka, uyachome. Osha mengine kwa maji, hasa upande wa chini. Kisha weka matone machache ya sabuni ya vyombo kwenye lita moja ya maji, unyunyize jioni. Jaribu kwanza kwenye jani moja. Rudia kila baada ya siku tatu au nne, mpaka wiki tatu ziishe, maana mayai yanaendelea kuanguliwa. Na hili kubwa litenge. Likae peke yake."

"Peke yake? Hapana! Kukaa peke yako nakujua mimi. Silitengi."

Devota akasema, "Basi tulipeleke kwangu. Mimi nashinda na miche kutwa, nyumbani sina hata ua moja la kuambukizwa. Utakuwa unakuja kuliosha."

Ndivyo ilivyokuwa. Yale matatu mzee aliyaosha nyumbani, kila moja na kitambaa chake. La nne alilifuata kwa Devota. Yeye aliosha majani, Devota akichambua mlenda kwa ajili ya chakula cha jioni. Mzee alisimulia jinsi Loisi alivyokuwa akimgombeza kwa kumwagia maua chai iliyopoa. Devota alicheka mpaka mlenda ukamwagika. Mzee naye akacheka, akajishangaa.

Wiki tatu zikapita. Devota aligonga majani juu ya karatasi. Hakuna kilichotembea. Jani jipya lilikuwa limechipua.

"Limepona, mzee! Lirudishe nyumbani. Endelea tu kukagua chini ya majani kila wiki."

Mzee alishukuru, akalibeba ua lake. Alipaswa kufurahi, lakini njia nzima moyo ulikuwa mzito. Aliliweka karibu na wenzake. Akaketi. Nyumba ilikuwa kimya kabisa.

Jioni ikaingia. Hakukuwa tena na ua la kuosha kwa jirani. Mzee akavaa viatu, akatoka, akasimama mlangoni kwa Devota bila kitu mkononi.

"Hodi," alisema.

"Karibu, mzee. Nilikuwa nakungoja, leo umechelewa."