Mahali Pasafi pa Kusimama

Ile barabara kubwa ya safari za mbali, mimi ndiye niliyeifundisha kunyooka. Muulize dereva yeyote wa lori. Atakwambia Redio, ndivyo wanavyoniita kwa sababu ya huu mdomo, Redio akisinzia gari lenyewe linaona aibu, linaendelea kwenda sawa. Na pa kusimama pote napajua. Wapi pana taa, wapi pana wezi wa mafuta. Wapi chai imechemshwa leo, na wapi ni ile ya juzi imepashwa tu.

Sasa mtu kama mimi akikwambia alisimama mahali asipopajua, ujue si jambo dogo.

Siku hiyo nilikuwa nimechoka. Si uchovu wenu huu wa kupiga miayo. Nilikuwa nimechoka mpaka kivuli changu kinaniomba tukae chini. Nimetoka safari, nimefika nyumbani, viatu bado viko miguuni, mke wangu ananiambia kamlete mama.

"Kesho," nikasema.

"Leo." Alikuwa amekaa kitandani, mtoto mapajani. Mtoto wetu wa kwanza, tumemngoja mpaka majirani wakachoka kutucheka. "Hanyonyi vizuri, baba. Anashika, anaachia. Nesi ananielekeza, namwitikia, akiondoka tu nimesahau yote. Namtaka mama yangu. Usirudi hapa bila mama yangu."

Nikamtazama mtoto. Alifungua mdomo alie, sauti ikakataa kutoka.

Nikaazima gari dogo la shemeji, nikaenda.

Kumchukua mama mkwe hakukuwa na shida. Shida ni mama mkwe mwenyewe. Mwanamke mfupi, mkavu, hajawahi kuamini neno langu hata moja. Nikimwambia kumekucha, anatoka nje kuhakikisha. Alikaa nyuma, kama inavyotakiwa, na mimi kile kioo cha ndani nikakigeuza kitazame paa. Mkwe huwezi kuwa unamchungulia chungulia safari nzima. Miaka yote hiyo nimemwoa binti yake, uso wake nilikuwa naujua kwa pembeni tu.

Ili usingizi usinichukue, nikaanza kuzungumza. Nikampa habari ya siku breki zilipokatika mlimani, nikalisimamisha lori kwa mguu. Nilifungua mlango, nikaburuza mguu kwenye lami, kiatu kikawaka moto.

Nyuma nikasikia, "Wewe baba, huo mdomo ungekuwa na magurudumu tungekuwa tumeshafika."

Basi, nikanyamaza.

Jua lilipoanza kushuka akasema kwa upole, "Tafuta mahali nijisaidie."

Hapo nikajua kazi imeanza. Maana mwenyewe nasimama popote, kichaka kinanitosha. Lakini mkwe! Mkwe unamtafutia choo chenye heshima. Nikasimama kituo cha kwanza.

"Mama, hapa pana choo kizuri."

"Hakina mlango."

"Mlango upo, mama, umeegemezwa tu."

"Mlango wa kuegemezwa ni ubao. Twende."

Kituo kilichofuata, wanaume walikuwa wamejipanga ukutani, migongo kwetu. Alikohoa tu, nikaondoka. Cha baada ya hapo kilikuwa kinanuka mpaka ukiwa kwenye gari na vioo umefunga. Magharibi ikaingia. Macho yangu yalijaa mchanga. Mistari ya barabara ilianza kuogelea. Nikawa naomba, pawe popote, pawe na mlango tu.

Pakatokea.

Upande wa kushoto, baada ya daraja. Nyumba ndogo nyeupe, ya chini. Uwanja umefagiliwa, alama za ufagio bado zinaonekana kwenye vumbi. Benchi. Choo pembeni, kina mlango, mlango una komeo, na nje kuna ndoo ya maji imefunikwa. Taa moja inawaka.

Hakuna gari hata moja.

Barabara ile naijua, nimewaambia. Baada ya daraja kuna kingo tu na nyasi. Lakini uchovu ni mchawi wa kwanza. Nikajisemea, wamejenga juzi.

"Ah," mama mkwe akasema. "Hapa sawa."

Akateremka. Mimi nikabaki kwenye usukani, nikageuza uso upande wa barabara, kumpa mtu nafasi yake. Nikasikia komeo. Nikasikia maji. Halafu nikaona kitu. Si kuona… kunusa. Vyoo vyote vya njiani vina harufu yake. Hiki hakikuwa na harufu ya choo. Kilinukia udongo. Udongo mbichi, kama umechimbwa sasa hivi.

Mlango wa nyuma ukafunguka. Kiti kikalia kidogo. Mlango ukafungwa, taratibu.

"Tayari, mama?"

"Tayari, mwanangu."

Nikaondoa gari.

Tukaenda. Gari likawa na ubaridi, nikafunga kioo. Baada ya muda sauti ikatoka nyuma.

"Mbona umenyamaza? Nipigie stori."

Nilifurahi, jamani! Siwafichi. Nikajua leo mkwe kanikubali. Nikaanza upya, mlima, breki, mguu, moto. Na yeye akawa anaitikia kila mahali. "Enhe." "Halafu?" "Mungu wangu. Halafu?" Hata mke wangu hajawahi kunisikiliza hivyo. Nilipofika mwisho akacheka kidogo, akasema:

"Kilikuwa kiatu cha kushoto."

"Ndiyo, mama, cha…"

Nikasita.

"Nilikuwepo," akasema. "Ulivyopita nilikuona. Moto uliwaka buluu."

Sikilizeni. Ile stori niliitunga gereji, tumekaa kwenye matairi tunangoja fundi. Hakuna mlima. Hakuna moto. Breki zangu hazijawahi kukatika hata siku moja.

Alikuwepo wapi?

Simu ikaita. Mke wangu. Alikuwa ananong'ona, mtoto kasinzia.

"Baba, uko wapi? Mama kanipigia. Kaazima simu ya dereva wa lori."

"Mama gani?"

"Mama yangu, mama gani! Analia. Anasema ametoka chooni akakuona unaondoka, kapiga kelele hukugeuka. Umemwacha barabarani, gizani!"

Shingo yangu ikawa ngumu kama nondo.

"Mama niko naye hapa," nikasema. Nilisema polepole sana.

Mke wangu akasema, "Hebu mpe simu."

Nikaipitisha simu juu ya bega bila kugeuka. Vidole vikaipokea. Vilikuwa vyepesi, havina uzito, kama kupokewa na majani makavu. Sikusikia neno. Simu ikarudi begani mwangu, nikaichukua. Ilikuwa na udongo. Umeloa.

"Baba," mke wangu akasema, "nani huyo anapumua?"

Nikakata.

Mngekuwa nyinyi mngeruka nje. Mimi nilifikiria jambo moja tu. Mke wangu kasema nisirudi bila mama yake, na mama yake amesimama gizani kwenye barabara ambayo malori yanakuja kama mvua. Lakini barabara kubwa haina kugeuza popote utakapo. Katikati kuna ukuta wa zege. Lazima uende mpaka mchepuko, upande juu, uzunguke, ushuke upande wa pili. Safari yote hiyo na yeye mgongoni.

"Stori imeisha?" akauliza.

Sauti ilikuwa karibu zaidi. Mwanzo ilitoka kwenye kiti. Sasa ilitoka nyuma ya sikio langu.

Nikaelewa. Stori ikiisha, anasogea.

Basi nikaanza nyingine. Nikampa ya lori lililobeba vitunguu mpaka askari wote wa njiani wakalia. Nikampa ya tairi lililopasuka likaruka likaingia dirishani kwa mchungaji akiwa anafungisha ndoa. Sikuweka nukta. Kila nilipoona mwisho unakuja niliongeza mtu mwingine, nikamwongezea huyo mtu shangazi, shangazi nikamwongezea kesi. Nilizunguka mchepuko bila kuvuta pumzi.

"Kwani tunarudi?"

"Nimesahau kitu, mama… basi yule shangazi akamwambia hakimu…"

"Umesahau nini?"

"…akamwambia hakimu, mheshimiwa, hicho kitunguu ni changu…"

Harufu ya udongo ilijaa mpaka nikaionja mdomoni. Ulimi umekauka, midomo imepasuka. Mimi, Redio, kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe nilichoka kusema. Nilichoka na uongo wangu mwenyewe. Kila neno nilikuwa nalivuta kama ndoo ya kisimani. Na yeye nyuma ya sikio, ubaridi tu, "Halafu? Halafu?"

Daraja.

Nikaona lori limesimama pembeni, taa za tahadhari zinawaka na kuzimika, upande wa pili wa ukuta. Nikapita, nikaenda kuzunguka mchepuko mwingine, nikarudi upande wetu. Shangazi bado yuko mahakamani. Nikasimama nyuma ya lori, nikafungua mlango, nikaanguka kwa magoti kwenye kokoto.

Hapakuwa na nyumba nyeupe. Hapakuwa na benchi wala choo. Kingo na nyasi, na chini yake kifusi.

Mama mkwe alikuwa amesimama karibu na tairi la lori, kajifunga kanga kifuani, mdogo. Akaja, nikadhani atanizaba kofi. Akanishika kichwa.

"Nilikuita," akasema. "Nilikuita, baba. Nikakusikia unauliza tayari, ukaondoka. Ulikuwa unaongea na nani?"

Nilimulika kiti cha nyuma kwa simu. Hakuna mtu. Kiti kilikuwa kimebonyea, na udongo umeloa.

Dereva wa lori alikuwa mzee, mvi mpaka kwenye nyusi. Alinitazama usoni, akanitazama magoti.

"Ulisimama kwenye benchi?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Kaka, mimi barabara hii naijua…"

"Unaijua mpya." Akatema mate pembeni. "Ile ya zamani ilipita hapa chini. Palikuwa na mama muuza chai. Msafi! Choo chake ungeogopa kukitumia kwa usafi. Sisi wote tulikuwa tunasimama kwake, yeye hataki kitu, anataka umpigie stori tu. Halafu wakajenga hii kubwa juu. Magari yakawa yanapita kwa kasi, hakuna wa kusimama. Aliambiwa ahame."

"Akahama?"

Mzee akapanda lori lake. "Kifusi kilimwagwa," akasema, akafunga mlango.

Mama mkwe alikaa mbele safari hiyo. Heshima tuliiacha kwenye kokoto. Nilikirudisha kioo, kila saa nikakitazama, kiti kitupu. Mpaka nyumbani nilikuwa naendesha kama maiti iliyokumbuka kazi.

Mke wangu alikuwa mlangoni, mtoto begani. Akamwona mama yake, akalia, wakakumbatiana, mama mkwe akamchukua mtoto hapo hapo, akamgeuza, akamwekea ziwa la mama yake anavyojua yeye. Mtoto akashika. Nikasikia anameza. Nawaambia, sauti ile ilinitoa machozi, mimi ambaye sikulia kwenye msiba wa baba.

Nikajua yameisha. Nikaegemea ukuta, macho yakajifunga.

Ndipo nikamsikia mke wangu. Kalelewa vizuri mke wangu, hawezi kumwacha mtu mzima bila salamu. Alikuwa anatazama gari nyuma ya mgongo wangu, anatabasamu, kapiga goti kidogo.

"Shikamoo, mama. Mbona umebaki ndani ya gari? Karibu. Karibu ndani, jisikie nyumbani."

Mlango wa gari ukafungwa. Taratibu.

Mimi sikuona mtu. Mama mkwe hakuona. Mke wangu anasema alikuwa mama mmoja mnene, kanga safi, akaitika marahaba akapita. Alimtafuta baadaye chumbani ampe chai, hakumkuta.

Mtoto ananenepa, namshukuru Mungu. Nyumba yetu ni safi kuliko za majirani wote. Tunaamka tunakuta uwanja umefagiliwa. Hakuna anayelalamika. Ila mnajua sasa kwa nini stori zangu nazipigia huku barabarani, kwenu, na nyumbani nakaa kama bubu. Juzi nilijisahau. Tumekaa tunakula, nikasema tu, "Siku moja nikiwa safarini…"

Chumba cha pili, ambacho hakilali mtu, kitanda kililia.

Kama mtu anayejivuta, akae vizuri.

Mama mkwe akaniwekea kiganja mdomoni, akakibana.