Kijiko na Mchuzi wa Biringanya

Kila alasiri akirudi kutoka shule, Kijiko alipitia kwanza chumba cha mbele, mahali Babu yake alipokuwa akishona nguo za watu. Alimwamkia, akaokota kwa sumaku pini zilizoanguka sakafuni, kisha akaenda jikoni. Mama yake alifanya kazi ya zamu ya jioni katika kiwanda cha mikate, kwa hiyo chakula cha usiku kilikuwa mikononi mwa Kijiko. Jina hilo la utani alipewa na Babu mwenyewe, kwa sababu tangu utotoni hakuweza kupita karibu na sufuria bila kuonja.

Alasiri moja hakusikia mlio wa cherehani. Alimkuta Babu amelaza kichwa mezani, jasho likimtiririka, mkasi uko chini. Majirani walimsaidia kumkimbiza zahanati. Nesi alimpima na kukuta presha iko juu sana. Akampa dawa, akamwambia apunguze chumvi na aache nyama yenye mafuta.

Shida ikaanzia hapo. Babu alipenda chakula kimoja kuliko vyote: viazi vya kuponda kwa siagi, vikimwagiwa mchuzi mzito wa nyama ya kusaga. Ndicho marehemu Bibi alichompikia kila alipochoka. Sasa Mama, kabla ya kwenda kazini, alimwekea kabichi na karoti za kuchemsha.

"Baba, jitahidi ule kidogo," Mama alimsihi.

"Mwanangu, mimi ni fundi," Babu alijibu akisukuma sahani. "Sungura anakaa nyumba ya pili."

Kijiko alicheka siku ya kwanza. Baadaye hakucheka tena. Suruali za Babu zilianza kumpwaya, naye alimeza dawa zake tumbo likiwa tupu. Kila Kijiko alipofika mlangoni, alisimama kwanza kusikiliza kama cherehani inalia.

Ndipo akaamua kuupika mchuzi wa Bibi bila nyama. Alikatakata biringanya na uyoga vidogo vidogo, akavitia vyote kwenye sufuria kwa pamoja. Vikatoa maji, mchuzi ukawa kama uji. Alionja, akakunja uso.

Siku iliyofuata alianza upya, polepole. Biringanya aliikamua kwa kitambaa safi cha pamba alichopewa na Babu. Uyoga aliukaanga peke yake kwa mafuta kidogo, akangoja maji yakauke na rangi igeuke kahawia. Nyanya na vitunguu alivipika hadi vikawa vizito, akatia karoti, kitunguu saumu na pilipili manga. Viazi aliviponda kwa maziwa kidogo badala ya siagi. Safari hii alionja mara mbili, kisha mara ya tatu bila sababu.

Babu aliinua pua kabla hata hajaketi.

"Hiyo ni nyama ya kusaga?"

Kijiko aliogopa. Akisema ni biringanya, sahani itasukumwa. Akatikisa kichwa kukubali.

Babu alikula, akafuta sahani kwa kipande cha mkate. "Nyama laini hii! Muuza nyama amejirekebisha."

Tangu siku hiyo Kijiko alipika mchuzi ule kila jioni. Mama, aliyekuwa akila uliobaki, aliusifu sana. Alijua ni mboga, ila alidhani Babu naye anajua. Nguvu za Babu zikarudi, cherehani ikalia mchana kutwa. Kijiko akajiambia kwamba uongo mdogo kama ule haumdhuru mtu.

Siku ya kurudi zahanati ilipofika, Kijiko alimsindikiza Babu. Nesi alimfunga kipimo mkononi, akasoma, akatabasamu.

"Mzee, hongera! Presha imeshuka vizuri. Naona umeacha nyama."

"Niache nini?" Babu aliangua kicheko. "Nimekula nyama kila jioni, muulize mpishi wangu huyu. Kwa hiyo nyama haikuwa na kosa. Tukitoka hapa tunapitia buchani, nachukua ile yenye mafuta yake. Na hizi dawa nazo sioni kazi yake."

Tabasamu la nesi lilitoweka. Kijiko aliona tena kichwa cha Babu mezani, na mkasi sakafuni.

"Babu," alisema kwa sauti ndogo, "hukula nyama."

"Sikula nyama? Nilikula nini basi?"

"Biringanya. Na uyoga. Nilikudanganya kwa sababu ulikuwa huli. Mama hajui kwamba nilikudanganya. Nisamehe, Babu."

Kicheko kikamwisha Babu usoni.

"Biringanya," alirudia. "Mimi nimefuta sahani ya biringanya kwa mkate."

"Kila siku, Babu."

Nesi aliinamisha uso kuficha kicheko, lakini Babu hakuwa akicheka bado. Alimvuta Kijiko akaketi karibu naye.

"Sikiliza, mjukuu wangu. Mteja akiniletea kitambaa, nami nikamshonea kwa kingine bila kumwambia, hata kama changu ni kizuri zaidi, nimemponza. Atakipiga pasi ya moto akidhani ni pamba, na kitaungua mikononi mwake. Leo nusura niungue. Ulinipikia kwa upendo, nakushukuru. Lakini ukweli ulipaswa kuwa kwenye sahani tangu mwanzo."

"Ungekula, Babu?"

Babu alijikuna kidevu. "Pengine nisingekula. Hapo na mimi nina kosa langu. Nilikataa kabla ya kuonja, nikakutia majaribuni."

"Basi mzee, buchani mnaenda?" nesi aliuliza.

"Tunaenda sokoni," Babu alisema. "Na dawa nitameza."

Kijiko alivuta pumzi ndefu. Hakuwa amejua jinsi siri ile ilivyokuwa nzito mpaka alipoitua.

Jioni hiyo Babu aliingia jikoni na penseli yake ya kupimia sikioni. Aliketi, akamenya karoti, akalalamika kwamba kisu ni butu. Chakula kilipoiva, alichota kijiko kimoja, akakishika hewani.

"Hiki ni nini?"

"Biringanya na uyoga, Babu."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

"Haya," Babu alisema akisogeza sahani, "niongeze biringanya."