Kahawa Aliyokula na Mukantabana

Jenifa alimaliza jagi zima la maji kabla chai haijachemka, akamwomba mumewe amjazie jingine. Clavery akacheka. Walikuwa na mwezi mmoja tu katika ndoa, na kila alichofanya bibi harusi kilimfurahisha.

"Au tuna mgeni njiani?" akamtania.

"Mgeni gani? Nina kiu tu."

Jagi la tatu lilipokwisha, midomo yake ilikuwa mikavu kama ya mtu aliyelima juani tangu alfajiri. Kufikia adhuhuri alikuwa amemaliza ndoo, na chooni hakwenda hata mara moja. Hapo Clavery akaacha kucheka.

Huyu Clavery ndiye aliyekuwa mwangalizi wa maji ya mji wa Nkwenda. Tangi la mji lilijengwa kilimani enzi za Mwingereza, kwa mawe, kwa ajili ya nyumba chache za maofisa wake. Leo mji umekua, nyumba za wageni zimejipanga hadi njia ya Uganda, na tangi ni lile lile. Kwa hiyo maji yalitoka kwa zamu, na zamu ilikuwa mkononi mwa Clavery na spana yake. Mpe mtu koki ya maji wakati wa kiangazi, uone atakavyojifunza kutembea kama chifu.

Maji yenyewe yalitoka Songambele, kwenye chemchemi iliyokuwa bondeni mwa shamba la migomba la mjane mmoja, Bibi Mukantabana. Aliitoa kwa sharti moja: bomba la uani kwake lisifungwe kamwe, maana nyonga yake ilikuwa mbovu na bondeni asingefika. Karatasi hakutaka. Alipasua tunda moja la kahawa, punje moja akatafuna yeye, ya pili akampa Clavery. Clavery ni mtoto wa Muleba, alikokulia desturi hiyo, hakuhitaji kufundishwa: wanaogawana punje za tunda moja wamekuwa ndugu wa damu, na anayemtupa mwenzake atalipa. Alitafuna huku akitabasamu, kama mtu anayemridhisha mzee.

Kisha ikaja harusi yake. Wageni mia nne, mapipa ya rubisi, pombe ya ndizi, masufuria ya pilau, na kiangazi kimekaza. Clavery akafunga laini inayogawa maji Songambele ili tangi la mji lijae.

Siku ya pili Mukantabana alimpigia simu. "Mwanangu, bomba linatoa upepo."

"Shikamoo, bibi. Kesho nitafungua."

Kesho hiyo ikawa siku tisa, maana fungate ni tamu. Majirani nao walikuwa wakihangaika na madumu yao bondeni, kila mmoja akidhani mwenzake amempelekea bibi. Siku ya kumi binti yake, Therese, alikuja kutoka Kayanga akamkuta chini ya bomba, kikombe mapajani, amekwisha kufa. Clavery hakwenda kuzika. Aliona aibu, na aibu ya mwoga haimsaidii mtu.

Sasa mkewe alikuwa akikauka mbele ya macho yake. Hospitali walimtundikia chupa sita za maji, ngozi ikazidi kusinyaa. Akarudishwa nyumbani. Siku ya nne, jua likiwa utosini, Clavery alikuwa amemshika kichwa akimnywesha kikombe baada ya kikombe, na maji yalikuwa yakiingia yote bila tone kudondoka, na alipoinama amsikilize kama anapumua akasikia kooni mwake mlio anaoujua kuliko wimbo wowote, mlio wa bomba kavu likivuta hewa, fyuuu, likikoroma na kunyamaza na kuanza tena, na pamoja nao ikapanda harufu ya kahawa mbichi iliyotafunwa sasa hivi, ilhali Jenifa hajawahi kutia kahawa mbichi mdomoni. Akaangusha kikombe.

Mganga aliyeitwa alikuwa mama wa makamo, Mackrine. Alinusa kinywa cha mgonjwa, akarudi nyuma hatua mbili.

"Nani kati yenu alikula kahawa na mtu aliyekwisha kufa?" akanong'ona.

"Mimi," Clavery akajibu.

"Basi amekuruka makusudi. Anataka uone mtu akifa kwa kiu na wewe umeshika ndoo. Nenda kaburini kwake, ukaseme mbele ya ndugu zake ulichofanya. Usipunguze neno."

"Atanisamehe?"

"Atamwachia mkeo. Mengine usiniulize mimi. Si mimi niliyekula naye."

Clavery akaenda Songambele na dumu la maji. Therese na ndugu zake wakasimama kuzunguka kaburi. Akamimina maji, akafungua kinywa, na woga wa kupoteza kazi yake ukamshika ulimi.

"Bomba lilipasuka," akasema. "Tulichelewa kulitengeneza."

Maji yakabaki juu ya udongo. Udongo wa kiangazi, uliopasuka nyufa za kuingiza kidole, ukakataa kunywa. Na kutoka uani, bomba la marehemu likaanza kukoroma, ingawa hakuna aliyeligusa. Clavery akapiga magoti.

"Laini niliifunga mimi! Kwa ajili ya harusi yangu! Alinipigia simu, nikamdanganya!"

Udongo ukayafyonza maji kwa mkupuo mmoja, mpaka wakausikia ukimeza.

"Nimekusikia," Therese akasema, machozi yakimtiririka. "Lakini kukusamehe kwa niaba ya mama siwezi."

Alipofika nyumbani, Jenifa alikuwa amelala, jasho limemlowesha paji la uso. Clavery akalia kwa furaha. Kisha akanywa maji kidogo. Kisha akanywa tena.

Jumapili, watu wakiwa misani, maji ya Nkwenda yakakatika mji mzima kwa pamoja. Wazee wa kamati ya maji wakapanda kilimani na kukuta mfuniko wa tangi uko wazi. Hapakuwa na ufa, wala bomba lililovuja. Tangi lilikuwa tupu hadi chini, na chini Clavery alikuwa akilamba mawe, ulimi umevimba, midomo imepasuka inatoka damu.

"Maji," akasema aliposikia watu. "Jamani, hata tone."

Jenifa alikimbia nyumba hadi nyumba akiomba kikombe kimoja, na katika Nkwenda yote hapakuwa na mwenye maji.