Kiti cha Nyuma cha Muasya

Jua lilikuwa limetoka vizuri asubuhi hiyo hapa Gatongora. Wamboi alikuwa ndani akimlisha bintiye Jackie uji. Alikuwa amemvisha viatu vipya alivyoletewa na nyanya yake, ambavyo vilikuwa bado havijakanyaga nje. Mlangoni, mumewe Muigai alipiga kiki. Pikipiki iliwaka, ikatetemeka, ikazima. Akapiga tena. Ikazima.

Ilikuwa ya Muasya, rafiki yake wa stejini, pale bodaboda husubiri abiria, aliyefariki mwezi uliopita. Mjane wake, Kavindu, ndiye aliyesema Muigai aiendeshe, na Wamboi humwombea mama huyo kila akilala.

Fundi Tobias alikuja kwa miguu kutoka Mugutha, spana zake kwenye mfuko wa unga. Kila mara alifuta mikono kabla ya kumshika mtoto. Wamboi alimpenda kwa hilo.

"Mgonjwa wetu ana nini?"

"Ikiwaka haikai. Nikiachilia mafuta tu, inakufa."

"Kama wewe ukiitwa kufua nguo."

Tobias alibadilisha plagi. Akafungua kabureta, akapuliza kila tundu. Akamwaga petroli yote, akatia nyingine. Akasikiliza kama hewa inavuja. Kila kitu kilikuwa sawa. Iliwaka, ikazima.

Wamboi akatoka na chai, Jackie kiunoni. Muigai akapiga kiki, injini ikanguruma taratibu kama mpya. Wote wakacheka. Wamboi akarudi ndani kuchukua sukari. Ikazima. Akatoka, Muigai akapiga kiki, ikawaka na kutulia.

"Hebu mwache mtoto ndani, uje peke yako," Tobias alisema.

Ikazima.

Alipomleta tena, ikawaka. Jackie aliinamia kiti cha nyuma, kiti kitupu, akanyoosha biskuti yake. Hakuila. Alikuwa akingoja ichukuliwe.

Tobias akaacha kucheka.

"Muigai," alinong'ona, "siku ya mazishi, hapo nyuma ulibeba nani?"

Kila mwendeshaji anajua. Pikipiki ya marehemu hutangulia msafara, na kiti chake cha nyuma, ambacho ni cha marehemu mwenyewe, hakikaliwi mpaka irudi stejini.

"Kulinyesha," Muigai alisema, macho chini. "Tukitoka kaburini, Mama Jackie na mtoto walikuwa wananyeshewa. Ningewaacha?"

Wamboi alikumbuka jinsi Muigai alivyovua koti lake akawafunika.

"Irudishe kaburini, kiti kikiwa kitupu. Mwombe msamaha," Tobias alisema.

"Na mtoto wangu?" Wamboi aliuliza.

"Asitoke mikononi mwako."

Muigai akaondoka peke yake, akishikilia mafuta isizime. Kwa kina Muasya, alikozikwa, ni mbali, ng'ambo ya Thika, kule udongo ni mweusi. Wamboi akafunga mlango kwa komeo. Akaketi kitandani, Jackie kifuani. Hakumweka chini. Hata maji hakwenda kunywa.

Saa nane mtoto akawa baridi.

Kisha akawa mwepesi. Mwepesi kama nguo isiyo na mtu ndani. Wamboi akamkumbatia kwa nguvu, akaomba, akaimba, akaomba. Alimwona pale pale. Uso ule ule. Macho yamefumbwa. Lakini mikono yake haikuhisi uzito wowote.

Ukapita muda. Uzito ukarudi, polepole.

Saa kumi pikipiki ikaingia. Ikasimama mlangoni ikinguruma taratibu, mtoto akiwa ndani. Haikuzima. Wamboi akafungua komeo, akalia kwa furaha.

"Imepona!" Muigai alisema. "Nimeomba msamaha, ikatulia pale pale kaburini. Saa nane hivi. Ila kurudi ilikuwa nzito nyuma, kama nimebeba..."



"Kama nini, Baba Jackie?"

Muigai alikuwa akitazama miguu ya mtoto.

Udongo wa Gatongora ni mwekundu. Soli za vile viatu vipya zilikuwa zimejaa tope jeusi, bado bichi.