Alama za Marehemu

"Onja. Tema. Usimeze hata tone."

Amri yenyewe ilikuwa hiyo tu. Nives Cravero aliisoma mara moja kwenye simu, akaifuta, akakanyaga mafuta. Fiat Panda yake ilipanda kilima huku ukungu wa Novemba ukiwa umemeza mashamba yote ya mizabibu. Kwenye kioo cha nyuma kulikuwa na taa mbili. Alfa Romeo nyeusi. Ilikuwa nyuma yake tangu mji wa Alba.

"Kanali, nafuatwa."

Kipokezi kidogo sikioni kilikwaruza. "Wangapi?"

"Wawili. Hata hawajifichi."

"Basi ni watu wa mwenyeji wako. Wanakusindikiza. Punguza mwendo, mama. Mhakiki wa mvinyo ana haraka ya kwenda wapi?"

Kanali Dellacasa alikuwa na mdomo wa kuudhi, lakini alisema kweli.

Mhakiki. Kwa siku kumi na mbili hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya Nives mbele ya watu. Jarida la Grappolo, la Milano, lilikuwa limetangaza kwamba yeye ndiye mrithi wa marehemu Evaristo Monchiero katika kuonja mvinyo wa Italia na kuupa alama. Wenye mashamba walimtumia maua, soseji na barua za kumpaka mafuta. Hawakujua kwamba alikuwa kapteni katika idara ambayo serikali haikiri kuwa nayo. Wala hawakujua kwamba mkobani mwake, chini ya daftari, mlikuwa na Beretta yenye risasi kumi na tatu.

Monchiero ndiye aliyemfundisha kuonja, miaka ishirini iliyopita. Alikuwa amekufa wiki tatu nyuma, kipofu, akipapasa ukuta wa hospitali ya Torino akitafuta dirisha. Madaktari walikuta methanoli katika damu yake. Hiyo ni pombe ya mti. Hupofusha kwanza, kisha huua.

Alama zake za mwisho, tisini na saba kwa mia, aliwapa Rocca Bruna, shamba la Ludovico Gavarino. Alizitoa asubuhi ya siku ile ile aliyougua.

Na sasa chupa elfu arobaini za Rocca Bruna zilikuwa bandarini Genova, ndani ya makasha yenye lakiri. Meli ilikuwa inaondoka saa nane mchana. Kanali aliamini kwamba ndani ya chupa zile hamkuwa na mvinyo alioonja Monchiero, bali maji ya zabibu hafifu yaliyotiwa pombe ya mti yapate ukali. Mwendesha mashtaka hakutaka imani ya mtu. Alitaka ushahidi, maana Gavarino alikuwa anakula meza moja na mawaziri.

"Nipatie sumu hiyo kutoka nyumbani kwake," Kanali alikuwa amemwambia, "nami naifunga bandari. Bila hivyo, elfu arobaini zinakwenda kunywewa."

Nives alikuwa ametega mtego kwa sentensi moja. Katika makala yake ya kwanza aliandika kwamba angeonja upya mvinyo wote wa mwisho uliopewa alama na Monchiero. Mhakiki mpya hufanya hivyo, asije akabebeshwa makosa ya aliyemtangulia. Kesho yake tu, mwaliko wa Gavarino ulifika.

Saa nne kamili aliegesha.

Gavarino alimpokea mlangoni. Mzee wa miaka sitini, suti ya bei mbaya, mikono migumu ya mtu anayepogoa mizabibu yake mwenyewe.

"Karibu, signora. Maskini Monchiero alikaa kiti hicho hicho."

"Natumaini kimesafishwa."

Mzee alicheka. Alifungua chupa, akamimina.

Nives alizungusha glasi. Alinusa. Alionja, akausukuma mvinyo ulimini, kisha akatema kwenye kikombe chake cha fedha. Ndani ya kitako cha kikombe kulikuwa na kipimo cha idara. Kilitetemeka mara moja kiganjani.

Safi.

Safi, na mzuri kupita kiasi. Harufu ya lami na waridi kavu, na ladha ya mwisho ndefu isiyotaka kuondoka mdomoni. Mwalimu wake hakuwa amehongwa wala hakuwa amekosea. Alikuwa ameonja mvinyo huu, akausifu kwa haki, na sifa hiyo ikamuua.

"Tisini na saba," alisema. "Nathibitisha."

Aliandika kwenye simu na kuituma Milano mbele ya macho ya mzee. Gavarino alishusha pumzi.

"Sasa umekuwa mtu wa nyumbani. Twende tukale."

Hapo ndipo Nives alipoiona njama yote. Alama zimeshakwenda. Mhakiki aliye hai anaweza kununua chupa dukani mwezi ujao, akaonja, akapiga kelele kwamba huu sio ule. Maiti hafuti alama.

Na mezani hakuna kutema. Katika chumba cha kuonjea utatema mpaka ndoo ijae. Lakini ukishaketi kula, katika vilima vyote hivi vya Langhe, anayetema amemtukana mwenye nyumba na mpishi wake. Monchiero, mtu wa adabu, alikuwa amemeza.

Meza iliandaliwa tambi za mayai, tartufo nyeupe, uyoga wa bei ya dhahabu, ikikunwa juu. Vijana wawili wa Alfa Romeo walisimama mlangoni. Mpishi, bibi mnene aitwaye Pinuccia, aliingia na jagi la kioo.

"Kula, mwanangu," alimwambia Nives. "Umekonda. Huko Milano wanawalisha karatasi?"

"Wanatulisha barua za wakulima, bibi."

Pinuccia alicheka mpaka bega likatikisika. Kisha akafanya anachofanya kila mtu katika vilima vile kabla ya mvinyo wa maana. Alimimina kidogo kwenye glasi ya Nives, akauzungusha kuta zote zilowe, kisha akataka kuuhamishia kwenye glasi ya Gavarino ili nayo isuuzwe.

Gavarino alifunika glasi yake kwa kiganja.

"Yangu iache, Pina."

"Iache? Kavu hivyo?"

"Nimesema iache."

Mkulima wa mvinyo wa Barolo, mtoto wa mkulima wa Barolo, anakataa glasi yake isiguswe na mvinyo wake! Angesingizia homa. Angesema daktari kamkataza. Lakini alikuwa na woga na kiburi vyote kwa pamoja, na mkono ukawahi kabla ya akili.

Pinuccia aliguna, akamimina mvinyo wa suuzo kwenye kikombe cha chai, akaijaza glasi ya Nives.

"Mabaki ni haki ya mpishi," alisema, na akaenda nacho jikoni.

Gavarino alimwona akienda. Alijua kilichomo kikombeni. Aliinamisha uso, akaendelea kukuna tartufo.

Nives alishika glasi yake, akaiinamisha mpaka mvinyo ukagusa jiwe la pete yake, kipimo cha pili cha idara. Pete ilihitaji sekunde ishirini kupima na kutuma majibu. Akiitoa mapema, hakuna ushahidi.

"Naona unapima," Kanali alinong'ona sikioni. "Shikilia hapo hapo."

Moja. Mbili. Tatu.

Jikoni, kiti kilikwaruza sakafu. Bibi alikuwa anaketi.

Saba. Nane.

Nives angeweza kupiga kelele. Bibi angesalimika, mzee angelimwaga jagi, na meli ingeondoka. Alibaki ametabasamu. Aliichukia nafsi yake kwa kila namba.

"Hunywi, signora?" Gavarino aliuliza.

"Naunusa kwanza."

Kumi na tisa. Ishirini.

Jiwe likawa jeusi.

"Nimepata!" Kanali alisema. "Naipigia Genova."

Nives alishainuka, Beretta mkononi.

"Renzo!" Gavarino alipiga kelele.

Kijana wa kushoto aliingiza mkono kotini. Risasi moja ikampasua bega, akaangukia kabati la sahani. Mwenzake aliinua mikono bila kuombwa. Nives alichukua bastola zao zote mbili, akanyakua na jagi, akawasukuma watatu hao ndani ya stoo ya mvinyo na kuweka komeo.

Kisha akakimbilia jikoni.

Kikombe kilikuwa kitupu.

"Umekunywa?"

"Mafunda mawili. Tamu kama dawa ya kikohozi. Vipi, nani kapiga risasi?"

"Grappa iko wapi?"

"Eh! Saa hizi?" Nives aliiona chupa ya pombe hiyo kali ya zabibu rafuni, akajaza glasi.

"Bibi, umekunywa sumu. Pombe nzuri huizuia ile mbaya mpaka hospitali. Kunywa hii. Yote."

Pinuccia alimtazama, na kicheko kikamtoka usoni. "Na bwana... alijua?"

"Alijua."

Bibi alichukua glasi, akanywa. Miaka arobaini alikuwa amempikia mtu yule.

Saa saba na nusu ua ulijaa askari.

"Meli imezuiwa," Kanali alisema. "Makasha matatu yamefunguliwa, yote sumu. Hongera, Kapteni."

"Niache kidogo."

Daktari wa gari la wagonjwa alisifu ile grappa. Bibi angeishi. Alipoulizwa kuhusu macho, alisema wangejua kesho.

Gavarino alipitishwa na pingu, hatua mbili kutoka kwenye machela ya Pinuccia. Alisimama. Nives alidhani angemwambia mpishi wake neno lolote.

"Signora," mzee alimwita Nives. "Ule wa asubuhi. Tisini na saba uliziandika kwa moyo, au ulikuwa unanitega?"

Nives alirudisha Beretta mkobani, akafunga zipu.

"Nilikupunja. Ni tisini na nane. Na leo jioni nazifuta zote, za kwangu na za Monchiero."

Midomo ya mzee ilianza kutetemeka. Nives hakungoja kuona mwisho wake. Alipanda kwenye gari la wagonjwa, akaketi kando ya machela, akaushika mkono wa Pinuccia. Safari nzima ya Torino alimwomba amtajie rangi ya kila kitu anachokiona.