Lori Lisilo na Nyuki

Honda XL ilipasua vumbi la barabara iendayo Ipole. Levina Lugembe hakupunguza mwendo hata kwenye kona.

"Sega, unanipata?" Sauti ya Najiat, mkuu wake aliyeko Tabora mjini, ilikwaruza kwenye redio ya sikioni, ikimwita kwa jina lake la kazi.

"Nakupata."

"Dawa zimo kwenye mapipa ya asali. Ila malori yaliyotoka ni matatu, na yote yana vibali. Ukifungua lisilohusika, mheshimiwa Masolwa atawapigia wakubwa zake, operesheni itakufa hapohapo."

"Nitafungua moja tu."

"Na yeye mwenyewe yumo kwenye msafara. Namtaka hai, Levina."

Levina alikaza mwendo. Kiunoni alikuwa na bastola, Beretta. Mfukoni alikuwa na vidonge vilivyobaki vya mwanawe, Emilian.

Wafadhili walikuwa wamefunga mkono. Shehena ile ya dawa za malaria ndiyo ya mwisho kwa msimu mzima wa mvua, na wakubwa walimpa Masolwa kazi ya kuisambaza kwa kuwa ndiye aliyegharamia kampeni zao. Masolwa akazipelekea zahanati vidonge vya chokaa. Dawa halisi akazificha, zivushwe ziwa zikauzwe ng'ambo. Mtu kama huyo ukimwita mwizi, wezi wa kuku wana haki ya kukushitaki.

Emilian alimeza chokaa ile hadi akazikwa. Levina ndiye aliyekuwa akimnywesha.

Ipole, jua la utosi. Fuso tatu zimeegeshwa kando ya barabara, turubai juu, mapipa nyuma.

Levina alizima pikipiki, akatazama. Baba yake alikuwa mrina asali wa hapahapa. Pipa la asali hata ulifunge vipi, utando wa asali hubaki nje, na nyuki huufuata popote liendapo.

Lori la kwanza lilivuma nyuki. La pili vilevile.

La tatu halikuwa na hata mmoja.

Masolwa alikulia kwenye tumbaku. Nyuki hakuwawaza.

Mlinzi wa lori la tatu aliinua SMG. Beretta ilimtangulia. Mlinzi akaanguka ameshika bega, bunduki ikabingirika hadi miguuni mwa Levina.

Alifungua mlango. Masolwa alikuwa amejikunyata ndani ya blanketi, meno yakigongana kwa homa.

"Shikamoo, mheshimiwa."

"Marahaba, binti. Naumwa. Tuelewane tu."

Levina alimwekea mtutu kwenye paji la uso. Alitamani kumuua. Alitamani hivyo tangu siku ya mazishi.

Akatoa vidonge.

"Hivi ni vya zahanati yetu. Ulivileta wewe. Meza."

Masolwa alivitazama, akatikisa kichwa.

"Nipe vya kwenye mapipa."

"Kwa nini?"

"Hivyo ni chokaa, binti. Nitakufa."

"Najiat, umesikia?"

"Nimerekodi. Usimpige risasi."

Kidole kilibaki kwenye kifyatulio. Kisha Levina akashusha bastola, akamfunga pingu. Polisi waliokuwa wakiifuata pikipiki yake kutoka Sikonge walikuwa wamefika.

"Lipelekeni lori zahanati," aliwaambia. "Na huyu aende nalo. Atibiwe kwa zamu, nyuma ya watoto."

"Foleni ni ndefu?" Masolwa aliuliza kwa sauti ndogo.

"Ndefu sana, mheshimiwa. Umeipanga mwenyewe."

Levina akavaa kofia yake ngumu, akawasha pikipiki, akashika njia ya Tabora.